Kabla ya keki ya mwalimu, kulikuwa na mkate wa sinia

Kila ikifika Oktoba mnanitumia video zile zile: watoto wa Marekani, majani yanapukutika, sweta, halafu keki ya boga na biskuti za mdalasini za kumpelekea mwalimu. Na lazima mtu aandike hapo chini, "Sisi Wapwani hatuna mambo kama haya." Hebu ngojeni kidogo. Majani kupukutika hatuna, tuna mvua za vuli. Lakini kumshukuru mwalimu kwa kitu kilichotoka jikoni? Hiyo ni yetu tangu zamani.

Tuanze na zawadi yenyewe, maana Malindi inajua kutoa. Mwaka 1415 ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga mzima. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, mfalme wa Malindi alimletea kondoo na viungo, karafuu na tangawizi zikiwemo, kisha akampa na rubani wa kumvusha hadi India. Ukarimu, sawa. Lakini Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na mgeni mwenye mizinga si wa kuachwa apite hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi. Hiyo naiita zawadi ya kufungua njia: inatoka leo, inangoja jibu kesho.

Ya mwalimu ilikuwa tofauti. Kwa wazee wetu chuo si yunivasiti. Ni pale mtoto aliposomea Kurani, msikitini au barazani kwa maalim. Mshahara wa serikali hakuna. Maalim aliishi kwa ada ndogo ndogo na vitu alivyoletewa na wazazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameyaeleza maisha ya chuo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka 1903. Mtoto akihitimu, nyumba inapika, watu wanakula, na maalim anapewa chake mbele ya kila mtu. Haikuwa siri, na ilikuja kazi ikishakwisha.

Na chakula chenyewe ni historia tupu. Chukua mkate wa sinia. Nyanyangu huloweka mchele usiku, asubuhi anausaga na tui la nazi, iliki, sukari na hamira, anauacha uumuke. Oveni hana. Makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko, na mkate unaiva pande zote mbili. Mchele, iliki, sukari: hiyo ni biashara ya Bahari ya Hindi nzima ndani ya sufuria moja. Hata boga la kwenye video zenu asili yake ni Amerika, kama mahindi na muhogo, na sisi tunalipika kwa nazi kila Ramadhani. Kwa hivyo msiniambie kuoka ni mambo ya watu wengine.

Sasa kilichobadilika ni hiki. Tangu 1967, mwalimu wa shule ya umma ameajiriwa na TSC. Zawadi yako si riziki yake tena. Tena yeye ni mtumishi wa umma, na sheria inaweka mipaka kwa zawadi anazoweza kupokea. Watu huona sheria hiyo kama roho mbaya. Mimi naona inauliza swali la maana: hii unayobeba ni shukrani, ama ni twiga?

Maana Siku ya Walimu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa 1994, huangukia Oktoba 5, KCSE ikiwa inabisha hodi. Mzazi mmoja analeta keki ya ghorofa tatu. Kule nyuma amekaa mtoto ambaye kwao hata sukari ya chai ni ya kupimiwa. Anaangalia tu. Anajifunza kwamba kushukuru ni kwa wenye pesa. Hilo ndilo linaniuma, si keki.

Msimamo wangu ni huu. Oktoba 5, mwandikie mwalimu barua kwa mkono wako. Mkate usubiri siku ya mwisho ya muhula, alama zikishatoka na hakuna kitu cha kuomba. Na uwe wa darasa zima: huyu mchele, yule nazi mbili, mwingine makaa, na asiye na kitu akalie mbuzi akune nazi, kazi hiyo si ndogo bana. Jina la mtu lisiandikwe juu. Mwalimu aukate hapo hapo, kila mtu apate kipande.

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wakaoka kwa makaa, na maalim alishiba.