Namba ya Nne ya Elektroni
Shuleni nilikariri namba nne za kwanta bila kuzielewa, nikajiona mzito wa kichwa. Historia imenipa moyo. Mwaka 1913 Niels Bohr alitumia namba moja tu kueleza ngazi za nishati za hidrojeni. Arnold Sommerfeld akaongeza nyingine, kwani mistari ya mwanga wake, ikichunguzwa kwa makini, ilionekana imegawanyika. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli akadai ya nne: elektroni mbili za atomu moja haziwezi kufanana kwa zote nne. Inawakilisha nini, hakueleza. Mwaka huohuo Uhlenbeck na Goudsmit wakaihusisha na spini, kana kwamba elektroni inajizungusha. Sasa nikiulizwa kwa nini obitali moja hubeba elektroni mbili tu, naanzia kwa Pauli, si kwenye jedwali nililokariri.