Kutoka kwa Mukama hadi kwa Rais: Uteuzi wa Viongozi Bukoba na Muleba

Mukama wa Ihangiro, dola iliyokuwa katika Muleba ya leo, ndiye aliyewateua wakungu wa vijiji. Wajerumani, waliojenga boma Bukoba mwaka 1890, na Waingereza waliowafuata, walimweka Mukama mwenyewe chini ya idhini yao. Mwaka 1963 sheria ilifuta utemi. Insha hii inashikilia kuwa kilichofutwa ni cheo, si mkono wa uteuzi. Kwa Katiba ya 1977, Waziri Mkuu huthibitishwa kwa kura za Bunge. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Mkuu wa Wilaya naye huteuliwa na Rais. Hivyo mbunge aliyechaguliwa Muleba humpigia kura Waziri Mkuu, lakini si mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya yake.