Kabla ya kuchagua ufuko Kalemie, tuulize maji yalifika wapi



Juma hili watu wawili wameniuliza swali moja. Wa kwanza ni kijana wa hapa Niemba. Anaoa, na akiba yake ya franga inatosha kumpeleka mke wake Kalemie siku tatu, wakae wawili tu kando ya ziwa, wale samaki na kuona jua likichomoza upande wa Tanzania. Wa pili ni mama muhami. Watoto wake walikua karibu na ziwa, lakini hawajawahi kwenda kwenye maji kwa ajili ya kucheza. Walikwenda kuchota, na siku moja walikimbia, kwa sababu maji yaliingia katika kibanda chao usiku. Sasa anataka kuwapeleka siku moja walione ziwa bila kuogopa. Wote wawili wanauliza: ni ufuko gani mzuri?

Nilitaka kuwajibu haraka. Lakini nilipofikiri niliona kwamba jibu liko katika historia. Ziwa Tanganyika halikai mahali pamoja. Mchanga unaouona leo ulikuwa chini ya maji jana, na labda utarudi chini ya maji kesho.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1871 Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji, ng'ambo ya ziwa, mahali palipokuwa karibu na maji. Ukienda leo kuona ukumbusho wao, utauona umesimama mbali na ufuko. Ukumbusho haukuhamishwa, ni ziwa lililoondoka. Mwaka wa 1874 Mwingereza Cameron alifika kwenye mdomo wa Lukuga, huu mto wetu, akaukuta umezibwa na majani na matope. Miaka miwili baadaye Stanley alipita hapo, naye akaona maji hayatoki vizuri. Ziwa likaendelea kupanda hadi karibu mwaka wa 1878, likavunja kizuizi hicho, na Lukuga ikaanza kukimbia kwa nguvu kuelekea Lualaba. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za Kalemie, ambako leo kuna nyumba, barabara na mchanga wa kutandikia kitenge, wazee wa wazee wetu waliziona zikiwa maji.

Ziwa liliposhuka, pwani mpya ilipata wenyewe. Wengi walioichagua hawakutafuta mapumziko. Kaskazini ya Kalemie, pale Mtoa, misafara iliyovuka kutoka Ujiji ilitia nanga kabla ya kwenda Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Kiswahili hiki tunachosema kilipita kwenye mchanga huo, pamoja na minyororo. Mwishoni mwa mwaka wa 1891 Mbelgiji Jacques alianzisha ngome ya kupigana na wafanya biashara ya watumwa, akaipa jina la mwana wa ukoo wa mfalme wake, ambaye wakati huo hakuwa bado mfalme: Albertville. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka wa 1915, katikati ya vita vya Wazungu. Mwaka huohuo Waingereza walileta boti mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou. Zilipitishwa porini, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapandishwa treni kwenye reli hii yetu. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zilizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Baada ya vita mji ulikua, na bandari pamoja na reli vilileta kazi. Lakini katika Kongo ya Wabelgiji mtaa wa Wazungu ulitengwa na mtaa wa Weusi, na mtu mweusi hakutembea usiku katika mtaa wa Wazungu bila ruhusa. Kukaa kando ya ziwa, kuangalia maji na kupumzika, kulikuwa kwa wengine. Babu zetu walifika ufukoni kwa sababu ya kazi: kupakua treni, kupakia meli, kuvua ndagala. Kwa hiyo, kijana wetu asidharau siku zake tatu. Kwenda ziwani kwa mapenzi tu, na mke wako, bila mzigo kichwani na bila karatasi ya ruhusa, ni jambo ambalo wengi waliotutangulia hawakulipata.

Sasa turudi kwenye maji. Mwaka wa 1964, baada ya miaka ya mvua nyingi, ziwa lilipanda sana tena. Likashuka polepole, na watu wakasahau. Miji ikasogea chini, kwa sababu ardhi tambarare kando ya maji ni rahisi kujenga na iko karibu na soko na mitumbwi. Kisha mwaka wa 2021 maji yakarudi, na mwaka wa 2024 yakarudi tena. Kalemie, Uvira na Bujumbura zote ziliona nyumba na barabara zikiingia majini, na hata bandari yetu ilipata taabu.

Kwa nini maji yakipanda hayaondoki upesi? Kwa sababu mito mingi inaingia, kama Rusizi na Malagarasi, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga. Na Lukuga inatoa sehemu ndogo. Maji mengi ya ziwa hili yanaondoka kwa kukaushwa na jua na upepo. Kwa hiyo mvua kubwa za miaka miwili mitatu zinaweza kukaa juu yetu muda mrefu.

Hapa ndipo swali la ufuko linakuwa swali la watu. Vita vya mwaka wa 2016 na 2017 kati ya wanamgambo wa Batwa na wa Baluba vilifukuza mamia ya maelfu ya watu katika jimbo letu. Wengi walikimbilia Kalemie. Wengine wameshuka baadaye kwa boti kutoka Kivu Kusini. Anayefika mwisho hachagui kiwanja. Anapewa, au anapata, mahali ambapo mwenyeji hakutaka kujenga, na mara nyingi mwenyeji alikuwa na sababu. Mama aliyeniuliza alijenga kibanda kwenye ardhi tupu karibu na maji. Hakuna aliyemwambia kwamba ardhi ile ilikuwa tupu kwa sababu ziwa lilikwisha kuichukua mara moja. Leo maji yameshuka kidogo, na pale alipolala na watoto pamekuwa mchanga mzuri, mweupe. Mtu anayetoka mbali angesema: tazama, ufuko mzuri wa kupumzikia.

Kwa hiyo jibu langu kwa wote wawili ni hili.

Kwanza, mukifika, tafuteni mzee wa mtaa au mvuvi, mumwamkie, mumwulize: maji ya 1964 yalifika wapi? Ya 2021? Ya 2024? Angalieni pia miti iliyokufa imesimama na kuta zenye alama ya maji. Mchezo fanyeni chini, lakini mahali pa kulala patafuteni juu ya alama hizo.

Pili, chagueni majira. Ziwa linapanda wakati wa mvua, na kwa kawaida liko juu kabisa karibu na mwezi wa 5. Linashuka wakati wa kiangazi, na mchanga unakuwa mpana kufikia mwezi wa 10. Lakini katikati ya kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na mawimbi yanakuwa makali, hivyo kwa watoto asubuhi tulivu ndiyo saa nzuri. Wasiende mbali hata hivyo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, na hata karibu na pwani chini panaweza kuporomoka ghafla.

Tatu, kaeni mbali na mdomo wa Lukuga na mahali penye matete. Mamba na viboko wanapenda hapo, na maji yaliyotulia yanaleta kichocho.

Nne, kipindupindu kinajulikana Kalemie tangu miaka mingi. Musinywe maji ya ziwa. Bebeni maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na musichague ufuko ulio chini ya vyoo au karibu na wanaofulia.

Tano, ufuko una wenyewe. Mahali panapoanikwa ndagala ni shamba la mtu, msikanyage. Na mukikuta kipande cha sakafu au nguzo imebaki mchangani, mujue kwamba hapo palikuwa nyumba. Amkieni walio karibu kabla ya kutandika kitenge chenu.

Kijana amesikia, na amesogeza safari yake hadi mwisho wa kiangazi. Atakwenda kwa treni ikipatikana, au kwa pikipiki. Mama naye amechagua mahali. Hakuchagua pale palipokuwa kibanda chake, amechagua juu kidogo, penye mwembe, ambapo watoto watashuka kucheza na yeye atawaona wote, pamoja na maji. Atapika bukari na samaki. Amesema atawaonyesha kwa kidole mahali walipolala zamani, ili wakikua na kutafuta kiwanja wakumbuke.

Wazee wetu mulioona maji ya mwaka wa 1964, njooni mutueleze yalifika kwenye mti gani, kwenye nyumba ya nani. Tutatangaza, ili wahami watakaofika kesho waambiwe mapema.

Kutoka Niemba, ni mimi mwandishi wenu.