Reli, Mapipa ya Petroli na Anga la Katanga: Ndege Ndogo katika Historia ya Lubumbashi

Historia ya usafiri wa anga wa Lubumbashi, mji wa jimbo la Katanga kusini mwa Kongo ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville na kupewa jina lake la sasa mwaka 1966, haieleweki bila historia ya reli yake. Reli iliyotoka kusini ilifika mjini mwaka huohuo wa 1910, na kwa muda mrefu Mbelgiji aliyeajiriwa na Union Minière, kampuni iliyochimba shaba ya Katanga, alirejea kwao kwa treni hadi Cape Town, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,500, kisha kwa meli hadi Ulaya. Kuunganishwa kwa reli ya Benguela na ile ya Katanga mwaka 1931 kulimfungulia njia fupi zaidi ya kufikia Atlantiki kupitia bandari ya Lobito.

Safari ya anga kati ya Ubelgiji na koloni lake la Kongo ilifunguliwa na Edmond Thieffry, aliyeondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 pamoja na wenzake wawili, akafika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku hizo 51 hazikutumika zote angani, kwani ndege ilihitaji matengenezo, mafuta na hali nzuri ya hewa, na hayo ndiyo yaliyopanga kasi ya safari kuliko nguvu ya injini.

Watu binafsi walifuata upesi. Lady Mary Bailey, mke wa tajiri wa madini wa Afrika Kusini, Abe Bailey, aliondoka London mwezi Machi 1928 kwa ndege ndogo ya aina ya Moth, akaiharibu alipotua Tabora, akaletewa nyingine, na akafika Cape Town tarehe 30 Aprili. Aliporejea kwao hakupita tena mashariki, bali alikatiza Kongo ya Wabelgiji na kufuata upande wa magharibi wa bara, akaingia London mwezi Januari 1929.

Moth iliundwa kwa mbao na kitambaa, nayo iliruka kwa takriban kilomita 130 kwa saa, ikiwa na mafuta ya saa chache tu, hivyo safari ndefu ililazimika kugawanywa katika vituo vingi. Bila redio, rubani alitegemea ramani, dira na alama za ardhini, na juu ya msitu wa miombo, ambao huonekana sawa kila upande, alama zenye kuaminika zilikuwa mto Lualaba na reli ya kampuni ya BCK (Bas-Congo hadi Katanga), iliyofika Bukama mwaka 1918 na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwaka 1928. Reli hiyohiyo ndiyo iliyoweza kusafirisha mapipa ya petroli na vipuri. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa bawa kuinua mzigo, ndiyo maana ndege ndogo huruka vizuri zaidi alfajiri, kabla ya joto. Mwishoni mwa kiangazi moshi wa mioto ya nyika huficha upeo, na masika huleta dhoruba za alasiri.

Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, lilipoanzisha safari za kawaida kati ya Brussels na Léopoldville mwezi Februari 1935, safari ya kwanza ilichukua siku tano na nusu, na rubani binafsi akaacha kuwa mtangulizi wa njia. Hata hivyo ndege ndogo haikupoteza kazi. Katanga ilipojitenga na Kongo chini ya kiongozi wake, Moïse Tshombe, mwezi Julai 1960, ndege nyepesi ziliingizwa katika jeshi lake la anga.

Leo msafiri wa ng'ambo huondoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa ndege kubwa kupitia Addis Ababa au Nairobi, ilhali ndege ndogo, zikiwemo za makanisa, zinahudumia miji ya ndani ambayo barabara zake hukatika wakati wa mvua. Waliorejea makwao kwa ndege ndogo zamani walikuwa wageni wachache waliokuwa na mali au kampuni nyuma yao. Sasa abiria ni mgonjwa, mchungaji au mfanyabiashara wa Katanga yenyewe, naye, kama wao, hawezi kuruka mbali zaidi ya pale petroli na uwanja uliofyekwa vilipoandaliwa.