Sheria ya Sotoka na Haki ya Mwenye Ng'ombe

Maradhi ya mifugo hayajui mpaka wa shamba wala wa nchi. Kwa hiyo, tangu zamani watawala wameyakabili kwa sheria kabla matabibu hawajayapatia dawa. Lakini sheria ya namna hii ni mzani wenye vitanga viwili: kimoja chabeba usalama wa wote, na cha pili hasara ya mmoja.

Mwaka 1865 sotoka iliingia Uingereza pamoja na ng'ombe waliotoka ng'ambo. John Gamgee, tabibu wa wanyama, alikuwa ameonya juu ya hatari hiyo tangu 1863, asisikilizwe. Dawa za kila aina zilijaribiwa, zisifae kitu. Ndipo Februari 1866 Bunge likapitisha sheria ya kuwaua ng'ombe waliougua na kuzuia wengine wasihamishwe. Mwenye mnyama mgonjwa alilipwa fidia isiyozidi nusu ya thamani yake, wala pauni 20. Kufikia mwisho wa 1867 maradhi yalikuwa yametoweka. Fidia hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilimpa mfugaji sababu ya kusema kweli.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda vingine. Sotoka ilitokea Pembe ya Afrika mnamo 1887, na baada ya miaka michache ikayafyeka makundi ya Wamasai. Serikali ya kikoloni ilipoimarika nchini Kenya, iliweka karantini dhidi ya sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe. Maradhi yalikuwa ya kweli. Hilo halina shaka. Hata hivyo, karantini ilizoea kufuata mipaka ya rizavu: mashamba ya walowezi yakalindwa, naye mfugaji Mwafrika akafungiwa soko kwa miaka mingi, hali kodi yadaiwa kwa fedha taslimu. Basi wengine wakaswaga ng'ombe wao usiku, kwa njia za kificho. Na ng'ombe wa njia za kificho hakaguliwi na mtu. Hivyo sheria isiyo na haki ilijidhoofisha yenyewe.

Baadaye Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora huko Muguga, karibu na Nairobi, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Ushindi huo ulihitaji chanjo. Lakini ulihitaji pia wafugaji waliokubali kuleta ng'ombe wao mchana.