Linux kwa Kompyuta Zetu Kuukuu: Niliyojifunza Sericho



Wiki mbili kabla ya Ramadhani, maalim mmoja niliyesoma naye hapa Mombasa alinipigia simu kutoka kwao Sericho, kaunti ya Isiolo. Kompyuta ya msikiti ilikuwa imekufa. Ndani yake mlikuwa na orodha ya mafukara, wajane na mayatima wanaopewa zaka na sadaka, majina zaidi ya mia mbili yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba kwa miezi. Nakala ya pili ilikuwa kwenye flashi, lakini ukiifungua huoni faili yoyote, waona vialama vya njia ya mkato tu. "Ndugu yangu," akaniambia, "nikikosea hapa, watu hawa watanidai kesho mbele ya Mwenyezi Mungu."

Sericho ni mji mdogo wa wafugaji, wengi wao Waborana na Waislamu, karibu na mto Ewaso Nyiro unaokwenda kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Sisi wa pwani twaufikia kwa kupitia Garissa na Modogashe. Wanasayansi wanaujua kwa vimondo vilivyopatikana huko mwaka 2016. Mimi nilikwenda na mkoba wa flashi tatu. Nimeandika makala haya kwa kuwa maswali niliyoulizwa kule ndiyo ninayoulizwa Kisauni, Malindi na Lamu: Linux ni nini, yafaa kwa nani, na mtu asiye na mtandao aanzie wapi?

Linux ni nini

Kila kompyuta huhitaji mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia diski, skrini, kibodi na programu nyingine zote. Wengi wetu twaijua Windows. Linux ni mfumo mwingine, na tofauti yake kubwa ni haki anayopewa mtumiaji.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo ambao mtu yeyote anaweza kuutumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, Finland, akatangaza kerneli yake, ambao ndio moyo wa mfumo. Vitu hivyo viwili vikakutana, na makundi mbalimbali yakaanza kuvifungasha pamoja na programu za kazi. Debian ilianza 1993. Ubuntu ilitoka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Mimi nilianzia hapo: mwaka 2006 niliagiza CD ya Ubuntu ikaniletea posta bila malipo. Huduma hiyo ya kutuma CD ilikoma mwaka 2011.

Watu husikia "programu huria" wakadhani maana yake ni "bure". Bei ni jambo dogo. Kikubwa ni kwamba msimbo u wazi, nawe una ruhusa ya kuubadilisha. Jambo hili nililijua vitabuni kwa miaka mingi, lakini Sericho ndiyo iliyonionyesha uzito wake.

Kwanza okoa faili

Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Hii ndiyo njia niliyoitumia, na kila mwenye saiba au ofisi afaa aijue.

Pakua faili ya mfumo, ukubwa wake mara nyingi ni GB 3 hivi. Iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kunakili kwa kawaida hakutoshi, flashi haitawaka. Chomeka flashi, washa kompyuta huku ukibonyeza F12, F9 au Esc kulingana na aina yake, kisha chagua flashi. Ukiulizwa, chagua kujaribu, usichague kusakinisha.

Kompyuta ya msikiti ikawaka. Diski yake ilikuwa nzima, Windows ndiyo iliyoharibika. Tukanakili folda zote kwenye diski ya nje. Kisha tukaichomeka ile flashi yenye vialama, na faili zote zikaonekana. Virusi vya aina ile havifuti faili, huzifanya zifichike machoni pa Windows na kuweka vialama vya uongo mahali pake. Linux haijali alama ile ya kufichika, wala virusi vilivyoandikwa kwa Windows havifanyi kazi ndani yake. Maalim aliona orodha yake akanyamaza kwa muda, kisha akasema alhamdulillahi.

Tahadhari mbili. Diski ikikwaruza au kugonga, izime umpelekee fundi, kwani kila dakika inayozunguka huongeza hasara. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, hutasoma kitu bila ufunguo wake wa kurejesha.

Kompyuta ipi, mfumo upi

Mbali na ile ya msikiti, vijana walikuwa na laptopu nne kuukuu za msaada, zote za Windows 10. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hutaka kichakata kipya kiasi, RAM ya GB 4 na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Mashine nyingi tulizo nazo hazifiki hapo, ingawa zingali na miaka ya kazi.

Mwongozo wangu ni huu. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi, weka Linux Mint ya Xfce, ambayo mtu wa Windows huizoea kwa siku mbili. Yenye GB 2, jaribu Lubuntu, na usifungue kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja. Ile ya zamani kabisa ya biti 32, tafuta Debian 12, kwa sababu Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Ukipata shilingi chache, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Unaposakinisha, chagua kufunga diski kwa nenosiri. Orodha ya mayatima ni siri za watu, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waislamu hulipita kimya. Programu nyingi katika saiba zetu ni za kuvunjwa kufuli. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Kuhesabu zaka kwa programu ya wizi si jambo zuri, hasa ikiwa iko ya halali isiyo na gharama. LibreOffice huandika barua, hufungua faili za Word na Excel, na hupiga hesabu.

Mahali pasipo mtandao wa kutegemewa

Hapa ndipo nilipofanya kosa. Nilizoea Mombasa, ukihitaji programu waandika amri moja inakuja. Sericho mtandao wa simu tulioupata ulikuwa dhaifu na bando ghali kwa vijana wale. Nilisahau kifurushi kimoja tu, kile cha kuchorea madirisha, na ilinibidi nipande gari hadi Modogashe kukitafuta. Siku nzima ilipotea kwa faili ndogo.

Usifanye kama mimi. Kabla ya safari, sakinisha mfumo ule ule, toleo lile lile, kwenye kompyuta moja mjini. Sasisha orodha ya vifurushi kwa amri hii:

sudo apt-get update

Kisha vipakue bila kuvisakinisha:

sudo apt-get install --download-only python3-tk geany sqlite3

Faili zitakaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Zinakili kwenye flashi. Ukifika, fungua terminali ndani ya folda hiyo na uandike:

sudo apt install ./*.deb

Kwa aliyekwisha kufika, iko programu ya apt-offline inayoandika mahitaji ya kompyuta kwenye faili, ukaipeleka faili hiyo penye mtandao na kurudi na mzigo. Chukua pia Kiwix, inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima ya Kiswahili bila mtandao. Vijana waliitumia zaidi ya nilivyotarajia.

Kuunda programu yenu wenyewe

Orodha ilipopatikana, tatizo la pili likajitokeza. Katika jedwali la kawaida jina moja laandikwa kwa tahajia tatu, mtu akapewa mara mbili na mwingine akarukwa. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kujua kidogo Python, akauliza, "Ustadh, hatuwezi kuandika programu yetu?"

Twaweza. Python huja tayari na mifumo niliyoitaja. SQLite ni hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, haina haja ya seva wala mtandao. Tkinter huchora madirisha na vitufe. Geany ni kihariri chepesi cha kuandikia msimbo. Kwa siku nne tukawa na dirisha moja: jina, kijiji, idadi ya watu nyumbani, nambari ya kitambulisho, na kitufe cha kuandika kwamba amepokea. Nambari ya kitambulisho tuliifanya ya lazima ili asirudiwe mtu. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Siku ya majaribio akaja bibi mmoja mjane. Hana kitambulisho. Maeneo ya kaskazini kukipata kumekuwa na mlolongo wake, na wapo wazee waliochoka kusubiri. Programu ikamkataa, kwa herufi nyekundu, mbele ya watu. Bibi akainuka kutaka kuondoka. Nikaona haya, kwa sababu sharti lile niliyeliweka ni mimi.

Binti akamwomba bibi aketi. Akafungua msimbo, akaondoa sharti la kitambulisho, akaweka nambari ya kaya ambayo kamati hutoa kwa kila nyumba. Ilimchukua chini ya saa moja. Bibi akaandikwa, na jioni ile wakaandikwa wengine sita kama yeye.

Ndugu msomaji, hebu fikiri kama programu ile ingekuwa ya kununua, iliyofungwa, imeandikwa na mtu asiyewahi kuiona Sericho. Tungempigia nani simu? Hiyo ndiyo maana ya huria. Programu ilikosea, na waliokuwapo pale wakaweza kuirekebisha kabla mtu hajarudi kwake mikono mitupu.

Kuhifadhi mabadiliko tulitumia Git, programu iliyoanzishwa na yule yule Torvalds mwaka 2005. Hukumbuka kila toleo la msimbo na hufanya kazi bila mtandao. Kwa amri ya git bundle, kazi nzima huwa faili moja ya kubebwa kwa flashi. Nakala moja iko kwa maalim, moja kwa binti, moja kwangu.

Na ujuzi huu una soko. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008, ni programu huria iliyotumika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu ya programu huria ya OpenMRS.

Kiswahili kiko wapi?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tangu hapo tafsiri imekwenda kwa kusuasua. Ukiweka Linux kwa Kiswahili utakuta nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Pengo hili twaweza kulijaza wenyewe, kwani maneno ya programu nyingi hukaa kwenye faili za .po ambazo mtu huzifungua kwa Poedit na kutafsiri sentensi moja moja. Haihitaji kujua kuandika msimbo, yahitaji mtu wa lugha. Pwani hatukosi watu hao.

Mambo ya kujua kabla

Linux haimfai kila mtu. Photoshop na baadhi ya programu za uhasibu hazina toleo lake. Baadhi ya printa na vifaa vya Wi-Fi husumbua, kwa hiyo vijaribu vyote kutoka kwenye flashi kabla ya kusakinisha. Virusi ni vichache mno lakini si kwamba haviwezekani. Na hakuna mfumo unaokuondolea wajibu wa nakala. Sericho sasa zipo diski mbili katika nyumba mbili tofauti, na kila Ijumaa baada ya swala moja husasishwa.

Ramadhani ilipoingia, zaka na sadaka zikagawiwa kwa orodha ile. Maalim alinipigia simu kuniambia binti ameongeza kitufe cha kuchapisha risiti, tena kwa Kiborana. Mimi Kiborana sikijui, wala hakunihitaji.

Mwenye kompyuta kuukuu uvunguni aitoe, aifute vumbi. Wallahu a'lam.