Musuli inavuta namna gani, na kwa nini pepopunda inaikaza

Kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare utakutana na vijana wanasukuma kinga zenye mizigo ya mchele na mabidoni ya mafuta ya mawese. Kwenye kilima, angalia mguu wa mmoja wao: nyama ya nyuma inajikusanya, inakuwa ngumu kama jiwe, kisha inalegea. Mule ndani kunapita nini?

Musuli imefanywa na nyuzi nyingi. Ndani ya kila uzi kuna nyuzi ndogo zaidi za protini, aina mbili: nyembamba, aktini, na nene, miosini. Mwaka 1954 Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kwa upande mwingine Hugh Huxley na Jean Hanson, walionyesha kama protini hizo hazijikunji. Zinatelezeana. Miosini iko na vichwa vidogo vingi: kichwa kinashika aktini, kinavuta, kinaachia, kinashika tena mbele. Ni kama watu wanaovuta mtumbwi kwa kamba kutoka Lualaba: kamba haifupiki, lakini mtumbwi unakaribia.

Amri inaletwa na mshipa wa fahamu. Ikifika, kalsiumu inamwagika ndani ya uzi na kufungua mahali pa kushika. Amri ikikatika, kalsiumu inarudishwa, musuli inalegea.

Nguvu inatoka kwa ATP, ambayo mwili unaitengeneza kutokana na chakula. Bila ATP kichwa cha miosini hakiwezi hata kuachia. Ndio sababu maiti inakakamaa kisha masaa machache. Kulegea nako ni kazi.

Pepopunda inaharibu upande huo wa kutulia. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo, vinaingilia kwenye kidonda cha jembe au msumari, ao kitovu kilichokatwa na wembe mchafu. Sumu yao inafunga mishipa inayotuliza musuli. Amri ya kuvuta haikatiki. Taya zinafunga, mgongo unapindika.

Mama, mtoto mchanga aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha akashindwa kunyonya na akaanza kukakamaa, si kalogwa. Mpeleke kituo cha afya palepale. Ukiwa na mimba, pata chanjo: inakukinga wewe na mtoto. Kitovu kikatwe na wembe mpya, kisipakwe udongo wala majani. Na mwenye kidonda aoshe na sabuni na maji safi, kisha aende kuuliza kuhusu chanjo.